Saa Zinazoyeyuka: Tuijue Sanaa ya Usurealisti

Mwanafunzi mwenzangu wa kidato cha kwanza, usishtushwe na neno hili refu. Usurealisti ni mkondo wa sanaa ulioanzia Ufaransa, na maana yake ni kama kusema "kilicho juu ya uhalisia". Neno lenyewe lilibuniwa na mshairi Guillaume Apollinaire mwaka wa 1917. Mwaka wa 1924 mshairi mwingine, André Breton, akatoa ilani mjini Paris kueleza nia ya kundi lake. Naandika makala haya kwa sababu kila picha ya aina hii ikionekana kitabuni, darasa zima huangua kicheko. Mmoja atasema, "Huyu alikuwa mwendawazimu!" Mwingine, "Aa, hata mimi naweza kuchora hivyo!" Hii ya pili haina msingi kabisa. Ile ya kwanza imekaribia jambo fulani, basi tuanze nayo.

Breton alikuwa mwanafunzi wa udaktari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1916 alifanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Dizier, mahali ambapo askari waliletwa kutoka vitani wakiwa wamechanganyikiwa. Aliwasikiliza sana. Alikuwa amevutiwa na mawazo ya Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyewaacha wagonjwa wake waseme lolote lililowajia, na aliyeamini kuwa ndoto zetu zina maana.

Sasa fikiria, ndugu msomaji. Vita vile vya 1914 hadi 1918 havikupangwa na wendawazimu. Vilipangwa na watu wazima waliosoma, wenye ramani mezani, saa mfukoni na ratiba za treni, na mamilioni ya vijana wakaangamia. Aliyepanga aliitwa mwenye akili timamu, na yule kijana aliyeshindwa kulala kwa sababu ya mizinga ndiye aliyeitwa mgonjwa! Max Ernst, mchoraji, alipigana upande wa Ujerumani. Rafiki yake wa baadaye, mshairi Paul Éluard, alikuwa upande wa Ufaransa. Watu kama hawa walikuwa na haki ya kuuliza: je, akili hii inayosifiwa ndiyo yote tuliyo nayo? Mbona tusiisikilize na ile inayosema usiku tukiwa tumelala?

Hebu sasa tutazame picha. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya Mhispania Salvador Dalí, "Kudumu kwa Kumbukumbu", ya mwaka wa 1931. Wengi hudhani ni kubwa kama ubao. La! Ina sentimita 24 kwa 33 tu, karibu sawa na karatasi ya fulskapu, na iko katika jumba la makumbusho mjini New York. Ndani yake saa moja imening'inia kwenye tawi kavu kama nguo iliyoanikwa. Nyingine inateleza ukingoni, na nzi ametua juu yake. Ya tatu imelala juu ya kitu cheupe kinachofanana na uso wa mtu mwenye kope ndefu. Ya nne imefungwa, nayo imejaa sisimizi. Dalí mwenyewe alisimulia kwamba wazo la saa laini lilimjia baada ya kula jibini iliyolainika.

Ukitazama kwa nyuma utaona bahari na majabali. Majabali hayo si ya ndotoni, ni ya pwani ya Catalonia alikoishi, nayo yamechorwa kwa uangalifu mkubwa. Hata sisimizi wamechorwa mmoja mmoja. Hapo ndipo anayesema "hata mimi naweza" anaponyamaza. Saa ingechorwa ovyo, tungesema tu mchoraji hajui saa. Kwa kuwa imechorwa sawasawa, inatubidi tukubali kwamba imeyeyuka.

Mbelgiji René Magritte alifanya vivyo hivyo mwaka wa 1938. Alichora chumba nadhifu chenye meko ya ukutani, na juu ya meko saa na kioo. Ndani ya meko kunatoka gari la moshi, mbio! Moshi wake unapanda kwenye dohani ya nyumba, kama ilivyo kawaida ya moshi. Mimi picha hii naipenda kuliko zile saa. Kila kitu ndani yake ni cha kweli, ila vimekutanishwa mahali ambapo havikutani.

Labda utasema hicho ni kitendawili. Karibu, lakini siyo. Ukiambiwa nyumba isiyo na mlango, utajibu yai, na mambo yameisha. Gari la moshi la Magritte halina jibu, na hata ukitoa mji hutaambiwa.

Naye Meret Oppenheim, mwanamke kijana kutoka Uswisi, mwaka wa 1936 alichukua kikombe, kisahani na kijiko, akavifunika vyote kwa ngozi ya swala yenye manyoya. Sina haja ya kueleza mengi. Wewe fikiria tu unakunywa chai kwenye kikombe hicho.

Wengine waliuacha mkono ujiendee wenyewe, na kusema kweli michoro mingi ya namna hiyo hainivutii. Lakini Ernst, mwaka wa 1925, aliweka karatasi juu ya sakafu ya mbao akaisugua kwa penseli, kama tunavyofanya na sarafu, na katika mistari ya mbao akaona misitu na wanyama.

Kundi hilo pia lilikuwa na mchezo ambao hata sisi twaweza kuucheza wakati wa mapumziko. Kunja karatasi mara tatu. Wa kwanza achore kichwa, aikunje kukificha, aache mistari miwili tu ya shingo. Wa pili achore kiwiliwili, naye aufiche mchoro wake. Wa tatu achore miguu. Kisha ikunjueni. Sheria ni moja tu: usichungulie! Mtakaocheza, leteni karatasi zenu kwenye mkutano wa chama, nasi tutazibandika ukutani bila kuuliza nani kachora miguu.