Anayetaka udaktari ajiunge na chama kipi?

Hapa Kaplong, mahali barabara ya Kericho inapokutana na ile ya kutoka Bomet kwenda Kisii, wazazi huniuliza swali hili mara kwa mara. Wengine wako tayari kutoa bonasi ya majani chai ili mtoto asomee kozi fupi za uongozi, mradi tu apate vyeti.

Mzazi, hifadhi pesa zako. Hapa Kenya, KUCCPS, ambayo huwapangia wanafunzi nafasi vyuoni, hutazama alama za KCSE: Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na Kiingereza au Kiswahili. Vyeti vya vyama havimwongezei mtahiniwa hata pointi moja. Anayeomba nafasi Uingereza ndiye huulizwa kwenye mahojiano amewahudumiaje watu, na hata huko hutakiwa kueleza alichojifunza.

Je, shughuli hizo ni bure? La. Masomo ya udaktari huchukua miaka 6, kisha mwaka mmoja wa mafunzo ya kazi hospitalini. Kijana anafaa ajue mapema kama anaweza kukaa na mgonjwa, na alama ya A ya Kemia haitamwambia hilo.

Basi achague shughuli itakayomkaribisha kwa watu, si mara moja bali kila wiki. Akiwa shuleni, ajifunze huduma ya kwanza. Shirika la Msalaba Mwekundu huifundisha. Akimaliza kidato cha nne ana miezi kadhaa kabla ya kuitwa chuoni. Aiandikie hospitali iliyo karibu akiomba kujitolea: kupanga faili, kusukuma viti vya magurudumu, kumweleza nyanya kwa Kikipsigis maabara iko wapi. Au aombe kuandamana na mhamasishaji wa afya ya jamii anapozuru boma za wagonjwa wa shinikizo la damu.

Lakini asikubali kumdunga mtu sindano wala kuokota zilizotumika, hata akiombwa na muuguzi aliyelemewa na kazi. Homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi hupita kwa njia hiyo. Chanjo ya homa ya ini huwa miongoni mwa zile za watoto wachanga, kwa hivyo tazama kadi yake ya kliniki. Ikiwa hakuipata, atahitaji dozi 3 katika muda wa miezi 6. Tena, aliyoyaona wodini asiyalete mezani. Kwetu hapa kila mgonjwa ni jirani ya mtu.

Na akiwa kidato cha tatu huku Kemia inamlemea, aache vyama vingine abaki na kimoja.