Mzazi Akikosa

Mtungi umevunjika uani. Kwa hasira twamkamata mtoto na kumpiga. Naye akilia ya kuwa si yeye, twamwita mwongo. Hata jioni jirani aja kutuarifu kwamba mbuzi ndiye aliyeuangusha. Usiku ule usingizi hauji. Sisi tulio wazazi tufanyeje?

Njia mbaya ni mbili. Ya kwanza ni kunyamaza, tukisema, mzazi hamwombi mtoto radhi. Ya pili ni kujihukumu pasipo kikomo: twajiita wazazi wabaya, twaogopa kumwonya mtoto tena, au twataka kuununua moyo wake kwa miwa na sukari. Katika njia zote mbili mtoto aliyeumizwa huachwa peke yake.

Na tumtazame Hans, baba yake Martin Luther, aliyefanya kazi ya madini ya shaba katika mji wa Mansfeld, Ujerumani. Luther mwenyewe alisimulia ukubwani ya kuwa siku moja baba alimpiga sana hata akamkimbia, akawa na uchungu juu yake. Lakini baba hakumwacha. Alijitahidi kumvuta kwake, hata mtoto akamzoea tena. Mwaka 1505 mwana alipoingia utawa, baba alikasirika mno. Walakini mwaka 1525 Hans alikuwapo katika karamu ya arusi ya mwanawe. Hans alipofariki mwaka 1530, Luther alikuwa ngomeni Coburg. Alipopata habari alichukua Zaburi yake, akaingia chumbani, akalia. Pigo lile hakulisahau, wala halikumzuia kumpenda babaye.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tungoje hasira itulie, tulitaje kosa mbele ya Mungu kama lilivyo, wala tusijitukane. Pili, tumwite mtoto, tuketi naye, tumwambie: “Mwanangu, nilikupiga bure. Nisamehe.” Tusiongeze neno la kujitetea, wala tusimlazimishe kujibu upesi. Hivyo atajifunza jinsi mtu mzima atengenezavyo kosa lake. Tatu, tuendelee kumlea na kumwonya kama desturi, maana aliyesamehewa hurudi kazini. Wahenga walisema: Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Ndugu, ni nani kati yetu aliye na neno la jana asilolitengeneza na mwanawe? Leo asilale nalo.