Kumfundisha Mbwa Kuja Aitwapo

Katika nchi ya Ugogo mbwa si pambo la nyumba. Usiku hulinda zizi fisi anapozunguka, na mchana hufuatana na watoto malishoni. Hata hapa Mkonze, ambapo sasa ni kata ya Jiji la Dodoma, mifugo ingalipo na mbwa wangalipo. Lakini mbwa ajaye aitwapo ni wachache. Yafaa niwaeleze jinsi ya kumfundisha, maana mimi nilijifunza kwa hasara.

Nilikuwa na mbwa hodari, jina lake Simba. Kila alipokosa nilimwita, na alipokuja nilimchapa. Nilidhani namtia adabu, kumbe namfundisha kwamba wito wangu ni fimbo. Ilipofika siku ya chanjo nikamwita; akasimama mbali, akanitazama, kisha akakimbilia porini. Wenziwe walichanjwa, yeye hakuchanjwa. Baadaye akaumwa na mbwa mgeni aliyetokwa mate na kuuma kila alichokutana nacho. Ikatubidi kumwua Simba, asije akawadhuru watoto. Kosa halikuwa lake, lilikuwa langu.

Basi haya ndiyo mafundisho yenyewe.

Kwanza, anza mapema, mtoto wa mbwa akiwa na umri wa majuma 8 hivi. Mpe jina fupi, kisha chagua neno moja la kumwitia, kama “Njoo.” Watu wote wa nyumbani watumie neno hilo hilo, wala wasilibadili.

Pili, simama karibu naye, hatua 2 au 3. Taja jina lake, sema “Njoo” mara moja kwa sauti ya furaha. Akifika, papo hapo mpe kipande kidogo cha nyama au ugali, na umsifu. Usikawie, maana ukichelewa hatajua amelipwa kwa tendo gani. Bwana Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake wa usagaji wa chakula, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia ishara kabla ya kulishwa hutokwa na mate kwa ishara peke yake. Vivyo hivyo neno “Njoo” litamletea furaha hata kabla hajaona nyama.

Tatu, akishazoea uani, mtoe nje kwa kamba ndefu, yapata mita 10. Ongeza umbali kidogo kidogo. Mahali penye kuku, mbuzi na mbwa wengine pawe pa mwisho. Asipokuja, usirudie neno mara kumi, maana atajua kwamba wito wa kwanza si kitu. Rudi nyuma upesi, chuchumaa, umpokee. Wala usimkimbize, atadhani ni mchezo, naye ana miguu minne.

Nne, usimwite kamwe ili umpige. Tena usimwite kwa kumfunga tu. Mara nyingi akija, mpe zawadi yake, umwache aende zake tena.

Tano, somo liwe fupi, dakika 5 zatosha, mara 2 au 3 kwa siku. Mbwa aliyechoka hafundishiki, kama mwanafunzi mwenye njaa.

Pengine mtu atauliza, “Taabu yote hii ya nini?” Nami najibu: mbwa asiyeitika hashikiki, na asiyeshikika hachanjiki. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishatokea kwa mtu, huua karibu kila mara. Lakini chanjo huzuia. Mtu akiumwa, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, asingoje dalili. Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Walimu waweza kuitumia kuwafundisha watoto mambo haya, na wazee wa mitaa kuwahimiza watu wapeleke mbwa wao wakachanjwe.

Wahenga walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Na mbwa ni hivyo hivyo. Leo ninaye mbwa mwingine, nikimwita huja mbio. Siku ya chanjo yeye alikuwa wa kwanza kufika.