Uvimbe wa taya kwa mtoto na tuzo ya mwaka 1972

Tuzo ya Lasker hutolewa Marekani kwa watafiti wa tiba waliotia fora. Ilianzishwa mwaka 1945 na Albert Lasker, mfanyabiashara wa matangazo, pamoja na mkewe Mary, na madaktari huiheshimu karibu sawa na Nobel. Mwaka 1972 walitunukiwa watafiti zaidi ya kumi kwa pamoja kwa kuonyesha kwamba dawa zinaweza kuiponya saratani. Huenda msomaji hajui kwamba watatu kati yao walifanya kazi hiyo Afrika: Denis Burkitt na John Ziegler huko Kampala, na Victor Anomah Ngu, Mkameruni aliyekuwa Ibadan, Nigeria.

Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji kutoka Ireland, mwenye jicho moja tangu utotoni. Mwaka 1957 katika hospitali ya Mulago, mwenzake Hugh Trowell alimwita amtazame mvulana aliyevimba mataya pande zote, juu na chini. Baadaye kidogo, akiwa Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama ule, na tumboni pia alikuwa na uvimbe. Akaanza kuuliza: ugonjwa huu unapatikana wapi, na wapi haupatikani?

Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri majuma kumi hadi Afrika Kusini, wakitembelea hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha za wagonjwa. Waligundua kwamba ugonjwa hupenda sehemu za joto na mvua, nao hupungua sana kwenye nyanda za juu. Ndiyo maana hapa Kenya huonekana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria, Magharibi na Pwani, ilhali katika milima ya kati ni nadra. Mtu yeyote ataona kwamba ramani hiyo inafanana na ya malaria.

Mwaka huohuo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na kijana mmoja mtafiti, Anthony Epstein, akasisimka. Vipande vya uvimbe vikawa vinapelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Kimoja kilichelewa kwa sababu ya ukungu, kikafika maji yake yamekuwa machafu kama yaliyooza. Epstein hakukitupa, alipokichunguza akakuta chembe hai zikielea. Kutokana na chembe hizo, mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong walivumbua virusi ambavyo leo huitwa Epstein-Barr.

Mzazi asiogope kusikia neno virusi. Karibu kila mtoto wetu huvipata kwa mate akiwa mdogo, na wengi hawadhuriki. Tatizo ni kwamba malaria ya mara kwa mara huzichochea chembe za kinga zilizo na virusi hivyo zizaane kupita kiasi, na moja ikikosea katika kugawanyika, saratani huanza. Kwa hiyo neti ya mbu ina faida nyingine mbali na ile tuliyozoea kuisema.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Mtoto wa miaka minne hadi saba hivi anavimba shavu na meno yanalegea. Anapelekwa kung'olewa jino, kisha anapewa dawa za kuua viini, kisha anapelekwa kwa mganga. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili tu! Ukiona jino limelegea bila kuoza, jicho linatokeza, tumbo linavimba au miguu inaishiwa nguvu ghafla, usingoje wiki ijayo. Dai mtoto apelekwe hospitali kubwa akatwe kipande kidogo cha uvimbe kichunguzwe. Kenyatta na Moi, Eldoret, hutibu saratani za watoto. Uliza pia kuhusu SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwaka 2024.

Burkitt hakuwa na mashine ya miale Kampala, naye kwa kisu hakufika mbali, ndipo akajaribu dawa. Nyingine, kama saiklofosfamaidi, bado tunazitumia hadi leo. Nywele hunyonyoka, mtoto hutapika na kinga hushuka, lakini uvimbe huyeyuka upesi sana, hata figo zikalemewa na uchafu wake. Ndiyo sababu anawekewa maji mengi ya mshipa.

Wepesi huo pia ni mtego. Baada ya dozi ya kwanza shavu limekwisha, mtoto anacheza, nauli ni ghali, na mzazi anaamua kubaki nyumbani. Saratani hurudi, mara nyingi kwenye maji ya ubongo na uti wa mgongo, ambako ni vigumu kuifikia. Kabla hujatoka wodini, mwombe muuguzi akuandikie tarehe za dozi zote zilizobaki.