Picha au Taswira? Istilahi ya Upimaji wa Visima vya Mlalo Wakati wa Kuchoronga

1.0 Utangulizi

Makala haya yanajadili istilahi inayofaa kwa zao la vipimo vinavyochukuliwa kuzunguka ukuta wa kisima cha mafuta kinapochorongwa. Neno picha ndilo la kwanza kujitokeza. Hoja yetu ni kwamba taswira huafikiana zaidi na dhana inayohusika.

2.0 Dhana

Hapa hakuna kamera wala mwanga. Vihisio vilivyo nyuma ya keekee huzunguka pamoja na mabomba, vikipima ukinzani wa umeme, densiti au miale ya gama ya mwamba kila upande. Vipimo hupewa rangi, kisha ukuta wa kisima hukunjuliwa kama jamvi: upande wa juu hukaa pembeni, wa chini katikati. Baadhi ya vipimo hupelekwa juu kwa mapigo ya shinikizo katika tope la kuchorongea. Vingine hubaki katika kumbukumbu ya chombo.

Mpaka wa matabaka uliokatwa kimshazari hujitokeza kama wimbi. Wimbi likianzia upande wa chini, kisima kinaingia tabaka lililo chini yake. Likianzia juu, kinaingia la juu. Katika kisima chenye kipenyo cha mita 0.2, wimbi lililonyooka mita 4 huonyesha kuwa pembe kati ya kisima na mpaka ni takriban digrii 3.

3.0 Mjadala

Anayeliona wimbi hilo kuwa picha aweza kudhani kuwa ni tabaka nene, ilhali ni mpaka mmoja tu. Kosa hilo si dogo. Katika eneo la Troll, baharini Norwei, ambako uzalishaji wa mafuta ulianza mwaka 1995, visima vya mlalo hupitishwa juu kidogo ya mpaka wa mafuta na maji. Kwa pembe ya digrii 3, kila mita 100 za kuchoronga huhamisha kisima zaidi ya mita 5 kuuvuka mpaka.

Yaweza kupingwa kwamba taswira ni mali ya uhakiki wa fasihi. Hata hivyo, katika nyanja zote mbili taswira hujengwa, nayo hudai ufasiri.

4.0 Hitimisho

Tunapendekeza taswira ya kisima. Istilahi ya sayansi haina budi kumkumbusha mtumiaji jinsi maarifa yake yalivyopatikana.