Soko Kwanza, Mashine Baadaye: Somo kwa Vikundi vya Alizeti

Kwa mujibu wa sheria, kila halmashauri ya Tanzania Bara hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo huzunguka. Mkopo usiorejeshwa hukinyima kikundi kingine zamu yake.

Tuchukue mfano wa kikundi kinachoomba mashine ya kukamua alizeti. Mashine ni kiungo kimoja tu cha mnyororo. Alizeti huvunwa kwa msimu. Kikundi kisicho na ghala wala fedha ya kununulia mazao wakati wa mavuno hubaki na mashine isiyo na kazi, huku marejesho yakidaiwa.

Kabla ya kuandika andiko la mradi, kikundi kijiulize: Nani huuza mbegu bora katika kata yetu? Nani husafirisha mazao? Nani atanunua mafuta, na mfugaji gani atanunua mashudu? Fundo liko wapi?

Ikiwa kijiji kina mashine mbili zinazokosa alizeti, ya tatu haitaleta tija. Huenda kinachohitajika ni ghala, au wakala wa mbegu, kazi ambayo mwanachama asiyeweza kulima kwa sababu ya ulemavu anaweza kuimudu vyema.

Vikundi vinashauriwa kuyajadili maswali haya na Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata kabla ya kuwasilisha maombi.