Chai haitoi kivuli: maswali yenu kuhusu miti ya mjini

Mtaalamu wetu wa miti anawajibu wasomaji wa Kericho na Bomet.

Swali: Huku kwetu kila upande ni kijani. Ya nini kuhangaika na miti mjini?

Jibu: Kijani hicho ni cha chai. Mchai hupogolewa usipite kiuno ili wachumaji waufikie. Hauwezi kumkinga jua mama anayeuza mboga sokoni, wala kuzuia maji yanayoteremka kutoka mabatini hadi mitaroni. Mvua ya Kericho kwa kawaida hupita milimita 1,800 kwa mwaka, na kila paa jipya na kila kipande cha lami huyanyima maji hayo mahali pa kuzama. Tembelea Chagaik, kilomita chache kutoka mjini, kwenye bustani ya miti aliyoianzisha mkulima wa chai Tom Grumbley baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mvua ikianza ukiwa chini ya miti ile, utayasikia matone juu ya kichwa chako kabla hayajakulowesha. Kazi hiyo ndiyo ninayoitaka ifanyike Kericho mjini, Litein, Sotik na Bomet.

Swali: Tunataka kupanda miti kando ya barabara yetu. Mkaratusi unafaa? Hukua upesi.

Jibu: Haufai. Viwanda vya chai huhitaji kuni zake kukaushia majani, basi ubaki shambani. Hunywa maji mengi, na huwa mrefu mno kwa barabara yenye nyumba na nyaya. Kando ya mto kama Nyangores pale Bomet ndiyo kabisa usiupande. Mwaka 2009, waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi iondolewe karibu na vyanzo vya maji.

Kabla ya kuchagua mti, tazama juu, kisha uliza bomba la maji limepita wapi. Penye nafasi, panda tebeswet: hukua haraka vya kutosha, na nyuki huyapenda maua yake. Tendwet huwa mkubwa, basi upewe uwanja wa shule au wa kanisa. Chini ya nyaya za stima panda mti mfupi.

Swali: Miti iliyo chini ya nyaya hukatwa kichwa kila mwaka. Kuna ubaya?

Jibu: Upo, na huniumiza kila ninapouona. Kwenye kisiki cha juu huchipuka vijiti vingi vilivyoshikilia gome tu, na ndani mti unaanza kuoza. Ikija mvua ya mawe na upepo wake, ambayo sisi tunaijua kuliko wengi, vijiti hivyo ndivyo vinavyoangukia boda boda. Pogoa tawi moja moja, mapema, mti ukiwa mchanga.

Swali: Tulipanda miche sikukuu ile ya kupanda miti, Novemba 13, 2023. Mingi imekufa. Tulikosea wapi?

Jibu: Chimbua mmoja uliokufa uitazame mizizi. Ukiikuta imejizungusha duara, mche ulikaa mno kitaluni ndani ya mfuko wa plastiki. Siku nyingine chana mfuko, uondoe wote, na mizizi iliyojikunja uikate kabla ya kupanda. Kisha weka uzio wa kuzuia mbuzi na matairi ya pikipiki. Na kwa hakika usimwage simiti hadi kwenye shina. Mtu mmoja mwenye duka jirani akiukubali mche kuwa wake, mche huo una nafasi kubwa ya kuishi kuliko uliopandwa na umati.

Swali: Viwanja vinagawanywa na hatuachiwi hata uwanja wa watoto. Sheria inasemaje?

Jibu: Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 inazitaka kaunti zianzishe bustani za miti na maeneo ya kijani, na wanaojenga mitaa ya nyumba watenge angalau asilimia 5 ya ardhi kwa maeneo ya kijani. Kikao cha maoni ya umma kikiitishwa, nendeni. Ombeni ramani, muulize asilimia 5 imechorwa wapi, na kama ni ardhi inayopandika au ni ukingo wa mtaro uliobaki baada ya viwanja kupimwa.